Gari Lililopandwa Shambani

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya gari lako la kulala ndani, ile ngazi ya chuma inayokunjwa, uliyoipaka rangi ya kijani ukaniambia nisiikanyage mpaka ikauke. Rangi hiyo sasa imebaki pembeni tu. Gari limesimama upande wa juu wa boma, karibu na kaburi lako, na kama marehemu husikia basi ulisikia jinsi lilivyofika. Hata hivyo nataka kukueleza mimi mwenyewe tangu mwanzo, kwa sababu kila mtu hapa anaeleza kwa namna yake, na Baba Mdogo Mutua anaeleza kana kwamba lilikuwa wazo lake.

Ulipotuacha, gari lilibaki pale pale chini shambani. Magurudumu yaliisha upepo. Kuku wa Mama walianza kutagia juu ya kitanda, na nyigu wakajenga ndani ya kabati la vikombe. Baba Mdogo akipita alikuwa akimwambia Mama, "Shemeji, hicho ni kibanda cha kuku chenye usukani." Alitaka kulibomoa achukue mabati yake aezekee duka lake pale sokoni Kanyangi. Mama hakumkubalia wala hakumkatalia. Alimwambia angoje shule zifungwe mwezi wa nane, nirudi, ndipo jambo lizungumzwe. Nadhani hakutaka kukata shauri lako peke yake.

Niliporudi nilimkuta na shauri jingine. Susu, mama yako, alikuwa ameanguka kule Ikutha akitoka kuteka maji. Hakuvunjika, lakini macho yake yamepungua, na nyumba nzima yuko peke yake. Mama alipanda basi kwenda kumchukua, akarudi bila yeye. Wewe unamjua. Alimpikia Mama uji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kabisa: "Mimi siketi kwenye mafiga ya mke wa mwanangu. Mwanamke mzima ana mawe yake."

Mama alinisimulia hayo tukiambua mbaazi, na papo hapo nikakumbuka siku ile ulipotupeleka Ikutha na gari hili kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umelipewa juzi tu na wale wazungu wa kuchimba visima, walipofunga kazi wakarudi kwao. Ulipiga honi tangu barabarani. Susu alitoka, akalizunguka gari lote mkono ukiwa kiunoni, akachungulia kitanda, meza inayokunjwa, sinki dogo, kisha akauliza watu wanapikia wapi. Ukamwashia jiko la gesi. Alitazama ule moto wa buluu kwa muda mrefu. Akasema, "Moto usio na jivu haumjui mwenyewe." Akaenda kulala nyumbani kwake, na sisi tukalala garini nje ya mlango wake.

Ulicheka. Lakini njiani kurudi ulisema, "Mama, siku moja nitamtafutia mawe." Mama alifikiri unasema naye. Mimi nilijua ni mimi, kwa sababu nimeitwa Mwikali kama yeye na hukuwahi kuniita jina jingine ila Mama.

Hukupata nafasi, Baba. Kifua kilikuwahi.

Basi nikamwambia Mama kwamba nyumba ile ya magurudumu aliyoikataa Susu ilipungukiwa na mawe tu. Tukiliweka gari hapa bomani, na mawe yake mwenyewe kutoka Ikutha, hapatakuwa kwa mke wa mwanawe. Patakuwa kwake. Mama aliendelea kuambua mbaazi. Nilidhani hakunisikia. Kisha akainuka na ungo wake akasema, "Kwanza litoke hapo lilipo."

Tulikwenda Kitui mjini kwa Fundi Athumani. Nilikuwa na hofu kwamba atatucheka, lakini aliposikia jina lako aliweka chini kikombe cha kahawa. Alisema wewe ndiwe uliyevuta pikapu yake kutoka kwenye mchanga wa mto, jua likiwa utosini, na ukakataa hata soda. Alifika nyumbani na boksi lake la spana kabla hata Mama hajamaliza kuwafukuza kuku.

Alinichukua niwe msaidizi wake. Unajua watu wa kwao walitoka Pwani, na Kiswahili chetu kinamtekenya. Nikimpa spana isiyo yake alikuwa akisema, "Binti, Kiswahili chako cha kitabuni kizuri sana, lakini mkono wako bado unasema Kikamba." Mimi nikamjibu kwamba hata gari hili limekaa Ukambani miaka mingi, huenda nalo linasikia Kikamba tu. Alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye boneti.

Kazi ilikuwa nyingi. Panya walikuwa wamekula nyaya za taa. Tangi la mafuta lilikuwa na kutu ndani, tukatia kokoto na maji tukalitikisa, kila mtu kwa zamu, hata Mama. Kabureta niliisafisha mimi. Fundi aliifungua juu ya gunia safi, akanionyesha vitundu vyake ambavyo havipitishi hata sindano, akaniachia. Nilivisafisha kimoja kimoja kwa waya mwembamba na petroli, na nilipomaliza aliinyanyua akaitazama kwenye mwanga, akairudisha mahali pake bila kusema neno. Baba, kutosema neno kwa Fundi Athumani ni sifa kubwa.

Mama naye alikuwa na kazi yake. Lile turubai la kuvutwa ubavuni mwa gari lilikuwa limechanika vibaya. Alilitandaza chini ya cherehani, akalitia viraka vya gunia la mkonge na kitambaa cha sare yangu ya zamani. Halifanani na lilivyokuwa. Linafanana na sisi.

Nyuma ya kabati la vikombe, nilipokwisha kuwatoa nyigu, nilikuta kile kikombe cha bati cha yule dereva wa lori wa Mtito Andei. Unakumbuka? Tulilala kati ya malori, na asubuhi madereva wakaja kuchungulia nyumba yenye magurudumu. Ukawaambia, "Karibuni, lakini vueni viatu, hapa ni kwa mtu." Watu wazima wale, wenye mikono mikubwa, walivua viatu wakapanga foleni kwenye ngazi. Mmoja alisahau kikombe chake. Ng'ambo ya barabara ndovu walikuwa wamesimama, wekundu kwa vumbi, na ukaniinua begani ingawa nilikuwa nimeshakuwa mzito. Nimekiosha kikombe hicho. Sasa mimi ndiye ninayekinywea.

Siku injini ilipowaka, ilikohoa kwanza, ikatoa moshi mweusi na manyoya ya kuku, kisha ikashika. Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Hakupiga vigelegele. Alisimama tu, mikono imeinuka hivi, kama mtu anayeogopa kuchafua kitu. Ilikuwa sauti yako ya kurudi nyumbani, Baba. Sote tuliisikia hivyo. Mama alijifuta macho kwa kiwiko, na unga ukambaki kwenye nyusi.

Ndipo tukaona tulichokuwa tumesahau.

Gari halikuwa na njia ya kutokea. Unakumbuka msimu ule wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, walipofika kwetu kwa zamu yetu, wakachimba matuta ya kuzuia udongo shamba lote. Wewe ulikuwa safarini na ufunguo uko mfukoni mwako. Walipofika kwenye gari hawakulisogeza wala hawakungoja. Walilichukulia kama jabali, wakapitisha tuta mbele yake, wakalizungusha vizuri kabisa kando, wakapanda nyasi juu. Uliporudi ulisimama ukatazama, ukacheka, ukasema, "Sasa limepandwa. Tungoje limee." Tangu siku hiyo halikutoka tena, na wewe hukutaka kuwaudhi wale akina mama.

Nasi tulikuwa tumetengeneza gari ndani ya boma la udongo. Fundi Athumani aliketi juu ya gurudumu. Baba Mdogo, aliyekuja kuona moshi ni wa nini, alisema hata kuku walikuwa na akili kuliko sisi, maana wao hawakutaka kutoka.

Mama hakucheka. Kubomoa tuta si jambo dogo. Naibu wa chifu hataki kusikia, na zaidi ya hapo, udongo ule ulibebwa kwa migongo ya wanawake ishirini na zaidi, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Mama alisema afadhali gari libaki kuliko yeye kuwaambia wenzake wabomoe jasho lao. Alisema hivyo kisha akaingia ndani akafunga mlango. Usiku huo sikula. Akilini niliona mabati yale juu ya duka la Baba Mdogo, na Susu akienda mtoni peke yake.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa mwethya, Mama Syombua. Sikumwomba abomoe. Nilimweleza habari ya mafiga tu, kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza akifunga kuni. Alipomaliza kuzifunga akaniuliza, "Kwa hivyo ni sisi tuliomfungia mama mkwe nje?" Nikamsaidia kuinua mzigo. Akasema, "Mwambie mama yako apike pure ya kutosha."

Walikuja na majembe na nyimbo. Mama alitoka akasema hapana, haiwezekani, na Mama Syombua akamjibu mbele ya wote: "Kaa kando, mke wa Kilonzo. Hili tuta ni letu. Leo tunalifungua, leo tunalifunga." Na ndivyo walivyofanya. Waling'oa nyasi kwa mizizi wakazilaza kivulini chini ya magunia yaliyolowa. Wakafungua tuta kwa upana wa gari. Baba Mdogo akaingia kwenye usukani, kwa sababu ndiye mwenye leseni na Fundi alikuwa amerudi mjini kuwahi sala ya Ijumaa. "Nimeendesha mabasi," akasema, "nitashindwa na kibanda cha kuku?" Wanawake wakasukuma, wakiimba jina lako, na gari likapita. Kabla vumbi halijatulia walikuwa wameshaanza kurudisha udongo. Jioni usingejua palipofunguliwa. Pale lilipokaa gari, penye mbolea ya kuku, wamepanga kupanda mbaazi.

Njiani kwenda Ikutha rejeta ilichemka katikati ya mto mkavu. Baba Mdogo alianza kulaumu watu wote. Mimi nikashuka, nikapapasa mpaka mahali mchanga una ubaridi, nikachimba kwa kikombe cha yule dereva mpaka maji yakaja, kama ulivyonifundisha: Ukambani maji hayatafutwi kwa macho. Tukangoja injini ipoe, tukalinywesha gari, tukaendelea. Tulipovuka, Baba Mdogo alipunguza mwendo. Kisha akasema, "Kweli wewe ni wa kaka yangu." Ninaliandika hapa ili nalo ulisikie.

Susu alisikia honi. Alitoka na fimbo, akasimama, na kwa kitambo uso wake ulikuwa na furaha ambayo haikuwa yangu. Nilijua ni nani alidhani amekuja. Niliteremka upesi nikamshika mkono ili ajue ni mimi.

Hakukasirika. Alipapasa ubavu wa gari. Mama akavuta turubai lenye viraka, kivuli kikaanguka mlangoni, nami nikamwambia Susu kwamba hapa chini, nje kidogo ya ngazi, pameachwa wazi. Hatukuleta mawe. Mawe ni yake. Wewe ulisema utamtafutia, lakini Mama na mimi tuliona hayatafutwi, yako jikoni kwake tangu alipoolewa.

Aliendelea kulipapasa gari mpaka mlangoni. Baba Mdogo alitaka kusema neno, Mama akamkanyaga mguu. Kisha Susu akaingia jikoni kwake, akatifua jivu kwa fimbo mpaka lote likapoa. Baba Mdogo akainama kumsaidia kubeba. Akamzuia kwa fimbo ileile. "Hayo hayabebwi na mwanamume," akasema. "Mwikali yuko hapa."

Niliyabeba mimi, Baba, moja moja, kifuani, yakiwa meusi na bado na joto kidogo. Gauni langu limeharibika na Mama hakunigombeza. Tuliyaweka sakafuni ndani ya gari juu ya gunia, na njia nzima Susu aliketi kwenye kitanda chako miguu yake ikiyagusa.

Sasa yako chini ya turubai. Asubuhi naamka na moshi wa Susu upande mmoja na moshi wa Mama upande mwingine, na kila mmoja anamtumia mwenzake chakula kama jirani. Dirisha la kitandani linakuelekea wewe. Susu haoni mbali, lakini kila asubuhi hulifungua na kukusalimu, na tukimuuliza ameamkaje husema amelala kwa mwanawe.

Kesho narudi shule. Boksi langu limefungwa. Fundi Athumani amesema likizo ijayo breki zinaningoja, nami nimekubali. Nakuahidi nitasoma, na kila nikirudi nitaliwasha gari hili lipumue, hata kama haliendi popote, ili usisahau sauti yake nasi tusisahau yako.

Lala salama, Baba. Ulisema tungoje.

Limemea.

Wako uliyemwita Mama,
Mwikali