Mnazi wa Mize

Jumatano, Mfunguo Tisa. Mvua ya vuli toka alfajiri, majamvi ya karafuu yamekunjwa.

Mie skuli sikukaa. Nilichofundishwa kuandika ni barua, basi na daftari hili naliandikia kama barua. Baba Mize hajambo, kikohozi kimepungua. Mama mkwe hajambo, macho ndiyo yale yale. Bi Asha jirani hajambo, anasalimu. Mbuzi kazaa mapacha. Mie mzima wa mwili.

Juzi alikuja nokoa, msimamizi wa shamba, na karatasi ya kuhesabu miti. Tajiri mpya, mtoto wa marehemu mwenye shamba, anataka ajue kila kilichoota kwenye ardhi yake kabla ya siku ya kupiga kura. Nikaona mtu katota, kachoka. Nikamwambia baba Mize amwangulie dafu.

"Tamu hili, mama Mize. La mnazi upi?"

"Ule nyuma ya jiko. Wa mwanangu Mize huo, kitovu chake nimekizika pale."

Akanywa. Akaandika.

Sikushtuka mpaka alipokwisha kuondoka.

Sisi hapa tunakaa kwa ruhusa. Baba Mize alitoka bara kuchuma karafuu, marehemu tajiri akampa pa kujenga: tupalilie mikarafuu yake, chini yake tupande muhogo na ndizi zetu. Mti wa kudumu hapana, maana mwenye mti ana neno juu ya ardhi. Mize alipozaliwa nilipanda mnazi kama walivyonifanyia mie kwetu Mgogoni. Marehemu alipouona alicheka tu: "Mwacheni mtoto na mnazi wake." Maneno hayo hayakuandikwa popote. Yangu yameandikwa.

Leo nokoa karudi. Ati mnazi tuukate kwa mkono wetu kabla ya Ijumaa ijayo, au tuhame. Tena tajiri anajua baba Mize anakwenda mikutano ya chama gani.

"Yakhe, mti mmoja tu huo," nokoa akasema.

"Dafu lake ulilikomba mpaka nyama," baba Mize akamjibu. "Sikati. Nikimpa mnazi leo, kesho atataka na kura."

Nokoa alicheka kidogo, kisha akatazama chini.

Nimekaa nayo kutwa. Mie ningeukata. Mama mkwe haoni, nimhamishie wapi? Baba Mize naye hakukosea. Lakini mti si wangu wala si wake. Nilisema ni wa Mize, na ndivyo ulivyo.

Basi ukurasa huu nitauchana.

Mize mwanangu, utaupata kwa Bi Asha, kesho anakwenda Mkoani kupanda meli ya huko kwenu Unguja. Ulisema mimba ikifika mwezi wa saba utakuja kuzalia kwetu, mtoto wa kwanza. Nazi ya kitovu chake nimeshaiweka kando ya mtungi, imetoa chipukizi urefu wa kidole. Sijui nitaipanda kwenye ardhi ya nani.

Ukisema mnazi wako ukatwe, shoka nitalishika mwenyewe, baba yako atanisamehe. Ukisema usimame, nitaanza kufunga vyombo, na wewe usije hapa mpaka nikwambie tuko wapi.

Mpe Bi Asha jibu, anarudi Jumatatu. Hata neno moja. Lifike kabla ya Ijumaa.