Mwanzi wa Bwawani

Mgeta, 3 Juni 2024

Mwanangu Prisca,

Natumaini u mzima huko Mazimbu na masomo yako ya ufugaji yanakwenda. Sisi tunapumua, ila mama yako mgongo unamsumbua kwa baridi hii. Haya si ya kusema kwenye simu, ndiyo maana nimempa barua dereva wa lori la mboga.

Perege wetu wote bwawani wamekufa. Alfajiri niliwakuta juu ya maji wanapanua midomo, jua lilipotoka wakawa wamegeuka matumbo. Mfereji unapita kwa Kasiani kwanza, na jana yake alikuwa anapiga dawa kabichi zake. Tumekaa kikao, tumemnyima zamu ya maji. Anaapa hakuosha bomba la dawa mferejini. Baba yako wa ubatizo kunifanyia hivi, mama, nimeumia.

Wewe ndiye msomi wetu. Niandikie kwamba ni sumu, niwasomee jumuiya Jumapili, maana wapo wanaonong'ona kuwa nimemwonea.

Baba yako


Mazimbu, 24 Juni 2024

Shikamoo Baba, na Mama mpe shikamoo yake. Mgongo wake vipi? Mimi siumwi, ila silali. Jumapili tatu zimepita nimeikalia barua yako. Kupiga simu nimeshindwa, naona aibu usikie sauti yangu.

Baba, si sumu. Ni mimi. Pasaka nilikwambia uung'oe ule mwanzi unaomwaga maji bwawani, nikaucheka, nikauita ushamba. Nikakuwekea mpira wa maji uingie chini kabisa, eti maji yasitibuke. Kumbe maji yakianguka kutoka juu yanabeba hewa kuingia nayo, na ndiyo samaki wanayoivuta. Usiku hewa hiyo hupungua, na samaki wakishakua haiwatoshi. Wale walikuja juu kuitafuta.

Na lililo baya zaidi, nililijua kabla hawajafa. Tulifundishwa Mei. Nikiwa darasani niliukumbuka mwanzi wetu, nikasema nitakupigia kesho. Nilikuwa nimekucheka sana, Baba. Nikaona haya.

Nakuomba usiisome jumuiyani. Mrudishie tu Baba Kasiani zamu yake, kimya kimya.

Mwanao Prisca


Mgeta, 4 Julai 2024

Mwanangu Prisca,

Marahaba. Mama yako ana nafuu, anakusalimu.

Jumapili nimeisoma yote, na pale ulipoomba nisiisome napo nikapasoma. Kwenye ule ushamba watu walicheka kidogo. Kasiani alisimama mlangoni. Tangu tumnyime maji haketi nasi. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Akasema, "Nimesikia," akaenda zake.

Zamu amerudishiwa. Kabichi zilishakauka, hana cha kumwagilia.

Mkosaji si wewe peke yako. Wewe ulinyamaza, mimi nilitamka. Chuo kikifungwa usianzie nyumbani, anzia kwa baba yako wa ubatizo. Nitakungoja njia panda twende wote. Peke yangu nimekwenda mara mbili, nikafika uani kwake nikageuka.

Baba yako