Nkirote, Tulikuuliza Kama Umekula Tu

Mwaka umetimia, Nkirote wa Mwongera, tangu uanguke mbele ya wanafunzi wako, chaki ikiwa bado mkononi. Ulikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Watu wa Mikinduri walikujua kama mwalimu wa hesabu wa chuo kikuu. Sisi tulikujua kama msichana wa kukamua ng'ombe huku akiimba, na kuandika hesabu kwa mkaa kwenye mbao za jikoni. Bado zipo. Baba yako amekataa zifutwe.

Tulikuuliza hizo semigrupu za opereta unazosomea ni kitu gani. Ukafunua kibuyu cha uji. "Mama, ukiuacha uchachuke siku mbili, halafu siku moja, ni sawa na kuuacha siku tatu mfululizo. Nasoma mabadiliko ya namna hiyo. Na hayarudi nyuma."

Ndugu yako Kaberia akakucheka: "Miaka yote hiyo shuleni, kumbe ni uji!"

"Nyamaza wewe, na hata kuupika hujui."

Ukatuambia pia kwamba huko kwenye hesabu zako kipimo kimoja hakitoshi. Vipimo ni vingi, na huwezi kusema kitu kimetulia mpaka vyote vikubali. Mimi mama yako niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa. Kulifanya ndiko kulikonishinda.

Maana kila Jumapili nilikupigia simu: "Umekula?" "Nimekula, mama." Nikatosheka. Huku kwetu mtoto anayekula ni mzima. Krismasi ulikuja umejifunga leso kichwani, ukasema kichwa kinagonga, ni hesabu tu. Nikakuongezea chakula. Ukamaliza, nikafurahi. Kumbe ilikuwa presha, na haikuwahi kupimwa hata siku moja.

Wazazi wenzangu, sahani tupu isiwadanganye. Ulizeni analala vipi, kichwa kinamuuma tangu lini. Mpelekeni apimwe, hata akikasirika. Mimi niliogopa kumsumbua msomi.

Jumamosi hii tutakuombea hapa nyumbani. Nesi atakuwa mlangoni na mashine ya presha. Atakayekuja apimwe kwanza, ndipo apewe uji. Kaberia ndiye atakayeupika. Amejifunza.

Wanaokukumbuka ni baba yako Mwongera, mama yako Gladwell, kaka yako Kaberia, nyanya yako Karwirwa na wanafunzi wako wote.

Hatutaacha kukutaja, mwanangu, siku zote tulizobakiza.