Chupa Moja ya Maji ya Moto

Mtaa wa Tanner, Nyumba 14,
Burnley, Uingereza.
18 Januari

Mpendwa dada Hilary,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Hamjambo huko Perth kwenye kiangazi chenu? Goti lako limepata nafuu? Sisi wazima, ila vidole vyangu vya miguu sivihisi tangu Krismasi.

Nikikuwaza umekaa barazani na gauni la mikono mifupi, nakuonea kijicho, sikufichi. Lakini ninayemwonea wivu hasa yumo humu humu ndani.

Huyu mume wangu Clive kanunua buibui. Si hawa wa darini. Ni tarantula, jike, mwenye manyoya, mpana kama kisahani cha chai. Amempa chumba kidogo cha juu, na ndicho pekee kinachopashwa joto mchana kutwa. Mimi nikigusa swichi ya boila ya kupasha nyumba joto naambiwa, "Ongeza sweta, bibie, bei ya gesi iko juu!" Kila jioni anakwenda kutazama kipimajoto chake, anamnong'oneza "kipenzi changu." Mimi mara ya mwisho kuitwa hivyo tulikuwa wachumba. Na jike huyu, dada, anaweza kuishi miaka ishirini!

Jumanne theluji iliangusha nyaya, umeme ukakatika na boila ikazima. Clive akanipigia simu kutoka kazini, anahema: "Jan, mpashe joto, atakufa! Chupa ya maji ya moto iweke ubavuni mwa kisanduku, usiiweke chini yake. Akizidiwa na joto huchimba kwenda chini, ataungua!" Hata kuulizwa hali sikuulizwa.

Chupa ya mpira ya maji ya moto tunayo moja tu, nayo ni ya miguu yangu. Nilisimama jikoni nimeikumbatia, nikatamani kumwacha agande. Roho ikakataa. Nikampelekea, nikaiegemeza ubavuni mwa kisanduku chake cha kioo, nikakaa pale na koti langu, tunatazamana kama wake wenza.

Clive aliporudi alipitiliza juu na viatu vyake vyenye theluji. Akashuka anacheka: "Mzima kabisa! Jan, wewe ni dhahabu." Mkononi ana ile chupa. Akachemsha maji mapya kwenye jiko la gesi, akaijaza, akaizungushia taulo taratibu. Nilifurahi, dada, mpaka nikaona haya. Nikavua soksi, nikanyoosha miguu.

Akapanda nayo ngazi.

Nisalimie shemeji Ron na Tracey. Mungu awadumishie jua lenu, na mkiwa na nafasi nialikeni. Nitakuja peke yangu.

Mdogo wako akupendaye, anayetetemeka,
Janice