Kwa Mama Nekesa, Kabla Sijaingia Majini

Mama Nekesa wangu,

Hali yako siulizi. Kama yale uliyokuwa ukiniambia ni kweli, wewe ndiye mzima na mimi ndiye wa kuulizwa. Basi mimi sijambo. Ni Jumamosi jioni, nimeshaoga, nimepika ugali ambao ungeucheka, na nimekalia kiti chako cha dirishani kwa sababu changu kimelegea mguu na bado sijakitengeneza. Ndiyo, mimi, fundi wa mabehewa ya reli. Cheka tu.

Nakuandikia kwa sababu kesho nimepangiwa kubatizwa. Umesikia vizuri. Mimi niliyekuwa nakusindikiza hadi langoni mwa kanisa kisha nageuka kama mtu aliyesahau kufunga nyumba, kesho nitasimama mbele ya wazee wa kanisa, na kama watanikubali nitaingia majini. Nimesema kama. Hiyo kama imenitesa wiki nzima, na sina mwingine wa kumweleza.

Lakini kwanza habari za hapa, maana ungekuwepo usingenisikiliza kabla ya kusikia habari za watu. Tangu tukuzike kule Bungoma mwaka umepita na zaidi. Nekesa wetu ameolewa, anakaa Donholm na mumewe, na kila akija ananisihi nihamie kwao. Namwambia nyumba hii ya Makongeni ni ya reli, nitatolewa na reli siku nikistaafu, si na yeye. Mama Zainabu bado anakaanga mahamri yake pale mlangoni, na mguu wake bado unamsumbua. Ijumaa akitoka kuswali huniletea mahamri kwenye sahani iliyofunikwa na kuniambia, "Shemeji, umekonda, na wewe ulikuwa huna cha kukonda." Bomba letu hutoa maji likijisikia.

Hilo bomba, Mama Nekesa. Siwezi kupita pale nisikuone na ndoo yako ya bluu. Unakumbuka ile kanuni yako? Ulisema ukimkasirikia mtu kwenye foleni unampisha mbele yako, ili hasira isipate pa kukaa. Mimi nilikuwa nangoja chai ya asubuhi, saa zinakwenda, buti ziko miguuni, na maji hayaji. Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi ndio ulikuwa mbaya zaidi. Majirani walikuwa wameacha kusalimiana, huyu wa chama hiki, yule wa kile, na kila mmoja alikuwa na neno la kumchoma mwenzake pale bombani. Siku moja ulirudi jua limeshapanda. Nikakuuliza, "Leo ulimkasirikia nani?" Ukatua ndoo, ukajifuta jasho, ukasema, "Leo nimekasirikia foleni nzima." Nilienda kazini bila chai, nacheka peke yangu njia yote. Sikukwambia wakati ule kwamba nilijivunia kuwa mume wako. Sasa nakwambia.

Nilikutania sana. Nilikuwa nakwambia kuokoka ni kama kupanda gari la moshi la Kisumu, ukishakata tiketi na kuketi, lala, utafika. Kwa nini basi unajisumbua kila siku, kumtembelea huyu, kumwomba radhi yule, kufunga kula, na wewe tiketi unayo? Hukukasirika. Uliendelea kuchambua mchele ukanijibu, "Baba Nekesa, hiyo ni kazi yako ya reli. Sisi wengine tunakwenda kwa miguu." Nilidhani umenikwepa. Kumbe ulikuwa umenijibu kabisa, na nimechukua miaka kukuelewa.

Sasa nikueleze nilivyoanza. Baada ya mazishi nilirudi hapa nikafunga mlango. Nilienda kazini, nikarudi, nikalala. Halafu ikafika Jumatano moja, nikasikia hodi. Nikafungua, nikawakuta wamama wa ushirika wa nyumbani, wamejipanga na vigoda vyao mkononi. Zamu ya nyumba yetu ilikuwa imefika, na hakuna aliyewaza kuiondoa. Nikawaambia mwenye ushirika amekufa. Mama mmoja akanijibu kwa upole, "Lakini nyumba haijafa, Baba Nekesa," wakaingia. Ningefanya nini? Nikawasha jiko, nikachemsha chai, sukari nikazidisha. Wakainywa vilevile.

Wewe unajua desturi yenu, mwenye nyumba ndiye anayefungua kwa maombi. Wakainamisha vichwa wakaningoja. Nikawaambia mimi sijui kuomba. Hakuna aliyeinua kichwa. Wakangoja, na mimi nikangoja, jiko linalia, hadi nikaona bora niseme chochote waniache. Nikafungua mdomo, na yakatoka maneno yako. Yote. Yale uliyokuwa ukiyasema alfajiri nyuma ya pazia, mimi nimejifunika blanketi hadi masikioni. "Baba, asante tumeamka. Mkumbuke Mama Zainabu na mguu wake. Mkumbuke kijana wa nyumba ya mwisho, pombe imwachilie. Mkumbuke Nekesa, umpe mume anayejua kucheka. Mkumbuke msimamizi wa Baba Nekesa, umpunguzie makelele." Sikujua kwamba nayajua. Nikafika pale pa mwisho, pale ulipokuwa unasema, "Na huyu wangu anayejifanya amelala, mkumbuke pia," na sikuwa na njia ya kupita. Nikasema, "Na huyu wake anayejifanya amelala." Wamama wakacheka, wakalia, nami nikatoka nje nikajifanya naangalia mkaa.

Tangu siku ile niliomba maombi yako kila asubuhi. Sikuongeza wala sikupunguza, hata lile la Nekesa na mume niliendelea kulisema na yeye keshaolewa. Jumapili nikaanza kupita lango. Nikakaa kiti cha nyuma, kisha cha katikati. Watu walinishika mkono wakaniambia, "Mama angefurahi." Nilifurahi nao, lakini moyoni nilijiona nimevaa koti lako, na mikono yake inanifikia kwenye kiwiko. Nilikuwa nakutafuta wewe mle kanisani, Mama Nekesa. Kama ungekuwa unakwenda sokoni kila Jumapili, ningeenda sokoni.

Wakaniandikisha darasa la ubatizo. Mwalimu wetu ni Mzee Shadraki, yule mzee wa kanisa uliyekuwa ukisema anaomba kwa sauti kama Mungu ana shida ya masikio. Juma lililopita alituambia tujiandae kwa ushuhuda, kila mmoja aseme siku aliyookoka. Wenzangu wote wanayo. Kuna msichana mmoja anayeshona nguo pale soko la Jericho, anajua hadi wimbo uliokuwa ukiimbwa. Wewe pia ulikuwa nayo, ule mkutano wa injili shuleni kwenu, mvua ikinyesha na hakuna aliyekimbia. Nimeusikia ushuhuda wako mara nyingi hadi nawajua wahubiri. Ikafika zamu yangu. Nikasimama nikasema, "Bwana asifiwe," wakaitikia, "Amina," na hapo ndipo nilipokwama. Mimi siku sina. Nilitafuta kichwani kote, sina.

Baada ya darasa Mzee Shadraki akanivuta pembeni. Kwa kweli alinitakia mema. Akaniambia, "Baba Nekesa, si useme tu ni siku ya mazishi ya mama? Hiyo hata wazee hawawezi kuuliza swali." Nilikaribia kukubali. Ingekuwa nzuri, kanisa zima lingetoa vitambaa. Lakini wewe hukuniona siku ile, na nikwambie mimi mwenyewe. Siku ile nilikuwa nimemkasirikia Mungu kiasi kwamba mchungaji aliposema tuombe, niliyaacha macho yangu wazi makusudi, nikiangalia juu, ili anione. Siwezi kusimama majini nikasema siku ile ndiyo tulipatana.

Kwa hiyo Alhamisi nilimwendea Mzee Shadraki nikamwambia sina siku, na ya mazishi siitaki. Akasema wazee watanisikiliza kesho kabla ya ibada, na wakiona sijawa tayari nitangoja ubatizo mwingine. Ndipo nilipo. Nimepiga pasi shati jeupe, na sijui kama litalowa.

Lakini kuna jambo moja limetokea, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Humjui Kimanzi. Alihamishwa kutoka Voi akapewa ile nyumba iliyo mgongoni mwetu, yeye na mke wake, na redio ya kaseti, na kuku. Redio nimeivumilia. Kuku walikula sukuma wiki yako. Ile uliyoipanda wewe nyuma ya nyumba, niliyokuwa nainyweshea kila jioni hata bombani kukiwa na shida, nilitoka asubuhi nikakuta vijiti. Mama Nekesa, nilimchukia yule kijana. Nilimchukia nikiwa kazini, nikamchukia nikila, na hapakuwa na foleni ya kumpisha.

Asubuhi moja nikiwa katika maombi yako, nimemaliza Mama Zainabu na mguu, nikajisikia nasema, "Na Kimanzi." Nikasimama hapo. Hilo halikuwa lako. Wewe hujawahi kumwona Kimanzi, hukuniachia neno lolote la kumwombea, ilibidi nilitafute mwenyewe na sikulipata. Nikasema, "Na Kimanzi na kuku wake, Baba, unawajua." Basi. Kesho yake nikasema tena. Yalikuwa maombi mabaya, yamejaa hasira, lakini yalikuwa yanatoka kwangu.

Jumamosi iliyopita nilienda Gikomba kwa maseremala, nikanunua vipande vya mbao, nikavileta kwa mkokoteni, na nikashinda pale nyuma nikipiga misumari. Usidhani nilikuwa nimelainika. Kila msumari niliupiga nikiiwaza ile sukuma. Jioni nikakibeba hadi mlangoni kwa Kimanzi, kibanda cha kuku kizima, chenye kikomeo. Aliponiona na nyundo mkononi alishika mlango akataka kuufunga. Nikamwambia, "Ni cha kuku." Akakiangalia, akaniangalia, akasema, "Mzee, si ungeniambia tu, hao kuku ningewafunga. Kwani hiyo sukuma ilikuwa ya nani?" Nikamwambia ilikuwa ya mke wangu, na mke wangu amekufa. Kijana akatoka nje akasimama nami, kisha akaingia akazima redio. Tulikaa pale ngazini kwake hadi mke wake akatuletea uji. Ni kijana mzuri. Anaogopa kazi mpya, ana mama mgonjwa kwao Machakos, na hana mtu hapa Nairobi.

Nilirudi nyumbani nimechoka, na ndipo nikagundua kwamba, zaidi ya kukutaja pale mlangoni, siku nzima ile sikukuwaza. Nilishtuka, nikaona nimekukosea. Halafu nikaelewa. Siku ile sikuwa nakutafuta wewe. Nilikuwa natembea. Njia yenyewe ni hii hii uliyopita na mbele yangu hayupo mtu, na sikuogopa.

Uliiendea njia hii kila siku, mke wangu, ukiwa mgonjwa na ukiwa mzima, ukiwa na mume aliyekutania kila kukicha. Sikujua ni kazi kubwa hivyo. Mimi nimemwombea mtu mmoja kwa majuma machache na nimechoka kama niliyebeba reli begani, na wewe ulikuwa unatubeba sote kabla hata chai haijachemka, halafu unaimba. Sijamwona mtu kama wewe. Niliishi na mtu mkubwa katika chumba kidogo, na nilidhani ni mke wangu tu.

Sasa nisikilize, maana hili ni gumu kwangu. Kesho wazee wakiniuliza siku, nitawaambia sina. Nitawaeleza habari ya Kimanzi na kuku, na wakicheka, wacheke. Wakinikubali, nitaingia majini. Wakisema ningoje, nitarudi nyumbani na shati langu kavu, nile chakula kwa Nekesa, na Jumatatu alfajiri nitaamka niombe kama kawaida, tena na tena hadi waniite. Hilo nakuahidi.

Na kuna lingine. Kanisa zima linangoja nikutaje. Mzee Shadraki anangoja, wamama wa ushirika wanangoja, Nekesa amenunua kitambaa kipya. Wanataka niseme nimefuata nyayo zako, na ni kweli nilizifuata, hadi zikanifikisha mahali. Lakini Mungu akiniuliza kesho ni nani huyu amesimama hapa, sitaki kujificha nyuma ya kanga yako.

Lala salama, Mama Nekesa. Nimekupenda na nakupenda. Kesho nitakapofungua mdomo mbele ya watu wote, sitalitaja jina lako.

Mume wako,
Baba Nekesa