Beseni la Mama Eliya

Sabato, baada ya jua kuzama.

Leo kanisani tulioshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Kwa miaka thelathini na minane nimemwosha mke wangu. Nilipopiga magoti na beseni, alivuta miguu chini ya kiti.

"Papa Eliya, Jumatano ulisema hauamini tena Sabato. Unaniosha juu ya nini?"

"Kwa sababu u mke wangu."

"Iyo haitoshi. Siku ya ufufuo nitakutafuta wapi?"

Akainuka, akaoshwa na mjane wa Gashonga aliyeketi kando yake. Nilibaki nimepiga magoti mbele ya kiti kitupu, na watu wote...

Ningeweza kumwambia kesho kwamba nimeamini tena. Angefurahi. Ungekuwa uongo, nami sijawahi kumdanganya.

Ee Mungu, ninaogopa kwamba nitausema.