Ubavu wa Boti ya Ishiara

Timau,
Jumapili jioni.

Kwako Baba Muthamia,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limetulia tangu ulipokubali kumwachia Mwiti kazi ya kuswaga ng'ombe hadi sokoni. Mama naye hajambo? Na kile kifua chake? Mwambie sweta aliyonifumia naivaa hadi kitandani, kwa sababu upepo wa Timau mwezi huu hauna adabu hata kidogo. Mtamba mweusi amezaa? Mimi ni mzima wa mwili, nakula vizuri, kazi inaendelea.

Utashangaa kuletewa barua na Mwiti akirudi kutoka soko la huku, kama enzi za zamani, na simu tunazo sote wawili. Nimejaribu kupiga, Baba. Kila nikipiga, kabla sijasema lolote unaanza kucheka na kuniuliza habari za boti, kisha unampa simu mtu aliye karibu nawe nimsalimie, na nasikia ukimwambia kwamba huyu ndiye kijana wako aliyemnyoa mzee wa Mbeere bila maji. Hapo naishia kumsalimia tu na kukata simu. Tena kwa Kimeru mambo haya yananishinda. Kwa Kiswahili cha shule angalau naweza kuyapanga yakapangika. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujasema neno. Nataka unisindikize Ishiara Jumamosi hii, nyumbani kwa yule mzee. Kuna mtu pale anayetaka kuacha kazi ya mikono yake kwa sababu yangu, na siku hiyo ndiyo anauza vifaa vyake.

Unachokijua wewe ni mwanzo tu, na hata huo niliupaka sukari. Kathambi, mwenye nyumba ya wageni hapa ninapofanya kazi, aliona wageni wamechoka kupiga makasia kwenye bwawa letu. Akataka boti ndogo ya tanga, iliyotumika, ya bei ya kawaida. Akaona picha moja mtandaoni: boti nyeupe ya faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi, chini ya banda la mabati, na mbuzi wawili wamesimama kando yake kana kwamba nao wanauzwa. Ilikuwa ya Mzee Ngari, upande wa chini wa Ishiara, kuelekea bwawa la Kiambere. Mhandisi mmoja aliyekuwa akifanya kazi bwawani alimwachia alipohama. Kathambi akampigia mzee simu na kumwambia kwamba anamtuma mtaalamu wake.

Mtaalamu ndiye mimi. Utaalamu wenyewe ni wiki moja niliyofundishwa kuendesha boti ya tanga kule Naivasha, ambako nilipinduka mara nyingi kuliko nilivyosafiri. Usiku wa kuamkia safari nilitazama video za watu wanaokagua boti kuukuu, nikaona wanavyogonga ubavu kwa vifundo vya vidole na kutega sikio. Mlio mkavu, boti ni nzima. Mlio mzito, huenda imeoza ndani. Basi nikajiona nimehitimu.

Nilifika nikiwa nimeshaivua sweta. Walinipokea vizuri mno, Baba, na hilo nalo linaniuma. Mzee Ngari alitoa shavuni majani ya muguka aliyokuwa akitafuna kwa heshima yangu kabla ya kunipa mkono. Nikapewa kiti chenye mto, nikaletewa chapati na ndengu, na maji ya kunawa nikamiminiwa na binti yake, Beverlyne. Huyu ni mwanamke mzima, kitinda mimba wa mzee, aliyejifunza kazi ya faiba kwenye gereji ya mjini Embu. Hapo Ishiara watu wanamletea matangi ya maji yaliyopasuka, naye anayaziba yanakuwa kama mapya. Boti hiyo iliwahi kuangukiwa na tawi, ikabonyea na kutoboka ubavuni karibu na mbele, na ni yeye aliyeitengeneza. Mzee hakuweza kuitaja boti bila kutaja jina la binti yake. Beverlyne alikuwa akimwambia anyamaze ila mdomo wenyewe ulikuwa ukitabasamu.

Niliikagua sawasawa, hapo sijidharau. Tulilitandaza tanga uwanjani, nikakuta panya wamelitoboa pembeni tu. Mlingoti ulikuwa umenyooka. Kamba zilikuwa zimechomwa na jua, na kamba hununuliwa. Usukani ulikuwa mgumu kidogo, tukautia mafuta ukalegea. Nikalala chini na tochi, nikaomba maji, Beverlyne akamimina ndoo kwa ndoo ndani ya boti nami niko chini yake nasubiri tone. Maji yenyewe huko yanafuatwa mbali, na hakuna aliyelalamika. Tone halikuja. Kile kiraka alichokibandika sikukiona mpaka aliponishika mkono na kuniwekea kidole mahali penyewe. Boti ilikuwa nzuri, Baba. Niliijua ni nzuri nikiwa bado nimelala pale chini.

Nilipoinuka na kujipangusa vumbi, nikakukumbuka wewe. Nikakumbuka unavyomzunguka ng'ombe wa watu bila kusema neno, unavyomfungua mdomo na kuguna, unavyouliza kwa huruma kama alikuwa mgonjwa mwaka jana, mpaka mwenyewe anaanza kumtazama mnyama wake kwa mashaka. Nimekuona ukifanya hivyo tangu nikiwa wa kushika mkia. Nami nikaizunguka boti. Nikaguna. Nikagonga ubavu kutoka nyuma, taratibu, hadi mbele karibu na kiraka, na hapo mlio ukabadilika ukawa mzito. Nilijua sababu. Dakika chache kabla nilikuwa nimepitisha mkono ndani, nikashika ubao wa kuimarisha uliojengewa pale tangu boti ilipotoka kiwandani. Popote penye mbao nyuma yake, faiba hulia hivyo.

Nikamwita mzee asikilize. Nikagonga hapa, nikagonga pale. Nikamwambia kwamba kiraka kimefungia maji, kwamba ndani pameoza, na kwamba sisi tunabeba watoto wa watu katikati ya bwawa. Kisha nikatikisa kichwa, nikingoja anijibu.

Angekuwa ni ng'ombe, mzee angenijibu. Angekuwa ni mbuzi, Mzee Ngari angeniuliza ni nani aliyenifundisha kuwa kipofu, tungecheka, tungetukanana kidogo, na bei ingekaa mahali pake. Ndivyo biashara ilivyo, na kila mtu anaijua. Lakini pale hapakuwa na mtu aliyejua boti, na mimi nilikuwa nimeletwa kwa jina la mtaalamu. Mzee akageuka. Alimtazama binti yake. Beverlyne akapiga magoti, akagonga mwenyewe, hapa na pale, akausikia ule mlio mzito, kwa sababu kweli ulikuwepo. Akakaa hivyo na mkono juu ya kiraka chake. Kisha ndiye yeye aliyemwambia baba yake apokee bei yoyote nitakayotoa, kwa kuwa hawezi kuapa juu ya kazi ambayo hakuisikia ikioza. Nikaichukua karibu kwa nusu bei. Wakanifungia na ndengu za kumpelekea Mama, zile mlizosema ni tamu.

Hapo ndipo ulipoishia utamu niliokusimulia kwenye simu. Boti iko kwenye bwawa letu tangu siku hiyo. Imebeba wageni wazito na wepesi, imepigwa na upepo wa mlimani, na haijaingiza maji hata ya kulowesha soksi. Kathambi alinisifu mbele ya wafanyakazi wote. Wewe ulinisifu sokoni mbele ya watu ambao hata siwajui. Niliona aibu kidogo, lakini ilikuwa aibu ya kubebeka, ikachanganyika na kujisikia.

Wiki iliyopita Mzee Ngari alinipigia simu. Nilidhani ameujua ukweli, nikapokea hivyo hivyo. Kumbe alikuwa anaomba kazi. Aliniuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa kusumbua, kama huku kwa wageni hakuna nafasi ya kutandika vitanda na kufua mashuka. Si yake, ni ya Beverlyne. Akaniambia kwamba tangu siku ile binti amekuwa akizunguka kwa wote aliowazibia matangi, anagonga na kusikiliza. Na tangi, Baba, lina mikunjo na mishono, na lina mahali maji yanapoishia. Mlio wake haufanani juu na chini hata likiwa jipya dukani. Yeye kila aliposikia tofauti alisema hapa nimeharibu, akabandua kiraka chake mwenyewe. Alibandua hata kile cha tangi la kanisa, maji yote ya mvua waliyokuwa wameyahifadhi yakamwagikia kwenye mchanga, na sasa kina mama wanarudi kuchota mtoni. Watu wamemkasirikia. Hapokei kazi tena. Mashine ya kusugulia na vifaa vyake vingine anavipeleka sokoni Jumamosi.

Kisha mzee akanishukuru. Alisema heri niliwafumbua macho mapema, kabla kazi ya binti yake haijamuua mtu. Akaniita mwanangu, akaniombea baraka. Nami nikaitikia amina, kisha nikamwambia nitauliza kuhusu hiyo nafasi ya mashuka.

Sasa kuna jambo nimeliruka, na nimeliruka kwa makusudi kwa sababu mkono umekuwa ukikataa kuliandika. Beverlyne mwenyewe alikuwa amenipigia kabla, siku chache tu baada ya mimi kuichukua boti. Hakuwa na hasira. Alisema usingizi haumjii, anataka kujua alikosea wapi asirudie, na kama naweza kumfundisha kusikiliza. Nilikuwa peke yangu stoo. Hakuna mtu aliyekuwa ananisikia, hapakuwa tena na bei ya kushusha, boti ilikuwa imeshalipiwa na iko majini. Sikuwa na faida yoyote ya kudanganya isipokuwa kulinda lile jina la mtaalamu. Basi nikamfundisha. Nilimweleza akunje vidole vipi, agonge kwa nguvu kiasi gani, na kwamba mlio wowote unaobadilika ni dalili ya uozo. Nilikuwa nayatunga maneno huku nayasema, na sauti yangu ikazidi kuwa nzito na ya hekima. Yeye alikuwa akirudia nyuma yangu ili asisahau. Mwisho akanishukuru, akaniita mwalimu.

Ule uongo wa kwanza ningeweza kusema ni wa sokoni, nimerithi. Huu wa pili ni wangu mwenyewe. Nasikia haya hata kulisaini jina langu chini ya barua hii.

Nimeshamwambia Kathambi. Akasema nichukue pikapu na trela, niirudishe boti Ishiara, ili yeye na mzee wakubaliane upya kama watu, na kwamba tofauti ya bei tutajuana mimi na yeye. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nitapita hapo nyumbani kukuchukua. Siwezi kuingia katika boma la watu na jambo kama hili bila mzee wangu. Lakini kusema nitasema mwenyewe, mbele ya Beverlyne na baba yake, kabla binti hajapeleka vifaa sokoni. Na nakuomba, Baba, kwa heshima zote, usiwaambie kwamba biashara ndivyo ilivyo. Watakubali, watacheka kwa adabu, na watanisamehe kwa bei rahisi.

Kuna hofu moja inayonikosesha usingizi kuliko kufukuzwa kwa marungu. Niliposema kazi yake ni mbovu, Beverlyne aliniamini mara moja. Nitakapomwambia kazi yake ni nzuri, kwa nini aniamini? Atadhani namhurumia. Atahitaji kulisikia kwa mtu mwingine, na ndiyo maana nakuhitaji wewe. Hujui boti, najua, na maji ya kupita magoti unayaogopa. Lakini tutaishusha pale Kiambere, ukae ndani yake na viatu vyako vya Jumapili, uende nayo hadi mbali, urudi ukiwa mkavu.

Tangu nizaliwe sijakusikia ukisifu kitu mbele ya mwenyewe. Wala ng'ombe, wala shamba, wala sisi watoto. Sikulaumu, nilidhani ndivyo wanaume wanavyopima vitu, nikakua nikipima hivyo hivyo. Jumamosi, ukishuka kwenye ile boti na kuona viatu vyako havijalowa, mgeukie yule binti umwambie kwamba amefanya kazi nzuri. Mwambie kwa sauti ile ya sokoni, wasikie wote. Na mimi nitakuwa nimesimama hapo.

Msalimie Mama, umwambie asiogope, hakuna aliyekufa. Msalimie Mwiti na wa kwake, na majirani wote wanaoniulizia, ila ile hadithi usiwasimulie tena mpaka uwe na mwisho wake. Mungu awalinde hadi tutakapoonana alfajiri hiyo.

Ni mimi mwanao,
Mwenda.